Ndege wa Ng'ambo Hii, Ndege wa Ng'ambo Ile

Juni 1856, chombo cha mfanyabiashara wa Kichina kilitia nanga Buleleng, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Bali. Ndani yake alikuwamo Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye miwani na ndevu, aliyekuwa na haja ya kufika Makassar. Kutoka Singapore hakupata chombo cha kumpeleka huko moja kwa moja, ikambidi apande hiki kinachozunguka visiwani. Bali alikaa siku mbili tu. Siku hizo mbili zilimtosha kuona ndege wa jamaa alizozizoea Malaya na Borneo: mnana wakisuka viota, kwezi, zuwakulu, vigong'ota wakitoboa magogo. Kisha nanga ikang'olewa, chombo kikavuka mlango wa bahari ambao upana wake haufiki kilomita 40, kikafika kisiwa cha Lombok.

Lombok ndege wale hakuwaona tena. Alitafuta zuwakulu, hapana. Alitafuta vigong'ota, hapana. Juu ya miti walikuwapo kakatua, kasuku weupe wenye vishungi, wakipiga kelele. Walikuwapo ndege wanyonya asali wa jamaa za Australia. Na chini vichakani kulikuwa na ndege wenye umbo la kuku ambao hawaatamii mayai yao. Huyafukia ndani ya biwi kubwa la majani na udongo, joto la majani yanayooza likafanya kazi ya mama.

Visiwa hivi viwili vinatazamana. Hali ya hewa ikiwa safi, mtu wa Bali anauona mlima wa Lombok. Udongo wa volkano ni uleule, minazi ni ileile, mashamba ya mpunga ni yaleyale. Na ndege ana mbawa. Kwa nini asivuke?

Wavuvi na wachuuzi walikuwa wakivuka pale miaka na miaka kabla ya Mwingereza huyo, Alfred Russel Wallace, kuzaliwa, na bila shaka walijua kakatua anapatikana upande gani. Kilichomtofautisha Wallace ni kwamba alifika Lombok akiwa tayari amebeba swali hilo moyoni, na alikuwa amelibeba tangu Amerika Kusini. Naandika makala ndefu juu yake kwa sababu hiyo. Wapenda safari na wanyama tunao wengi, na wengi wetu tukirudi nyumbani tunasimulia tulichokiona: simba, tembo, nyangumi. Wallace aliona vitu vingi kuliko karibu kila mtu wa zama zake, lakini jambo lililomkosesha usingizi ni lingine: kiumbe huyu anaishi wapi hasa, anaishia wapi, na kuna nini pale anapoishia.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 katika kijiji cha Llanbadoc, karibu na mji wa Usk, Wales, mtoto wa nane kati ya tisa. Baba yake alikuwa amesomea sheria, lakini mali ilimponyoka, na Alfred akatolewa shule akiwa na miaka 14. Akaenda kwa kaka yake William, mpima ardhi, wakawa wanazunguka mashambani na milimani na minyororo ya kupimia. Huko ndiko alikoanza kujiuliza majina ya mimea aliyoikanyaga kila siku. Alinunua kitabu cha bei rahisi cha mimea, akajifunza mwenyewe. Kazi ya upimaji ilipopungua alipata ualimu katika mji wa Leicester mwaka 1844, na hapo akakutana na kijana wa rika lake, Henry Walter Bates, aliyekuwa amepagawa na mbawakawa. Bates alimwonyesha kwamba pembezoni mwa mji mmoja tu wa Uingereza mtu anaweza kukusanya mamia ya aina za wadudu hao. Wallace hakupona tena.

Vijana hawa wawili hawakuwa na urithi wala cheo. Charles Darwin alipozunguka dunia katika meli ya Beagle gharama zake zililipwa na baba yake, tabibu tajiri. Wallace na Bates ilibidi safari ijilipie yenyewe. Wakamtafuta wakala mjini London, Samuel Stevens, wakakubaliana: wao wapeleke ndege, vipepeo na mbawakawa, naye awauzie watu wenye fedha na majumba ya makumbusho. Aprili 1848 wakapanda meli kuelekea Brazil, kwenye mdomo wa mto Amazon.

Miaka minne ile Wallace alipanda mto Negro hadi sehemu ambazo Wazungu walikuwa hawajazichora kwenye ramani. Mdogo wake Herbert alimfuata huko, akafa kwa homa ya manjano mjini Belém mwaka 1851. Kati ya yote aliyoyaona, kuna jambo moja alilolisoma London baadaye, Desemba 1852, ambalo mimi nalihesabu kuwa mwanzo wa kila kitu. Lilihusu kima wa Amazon. Aligundua kwamba mito mikubwa, yaani Amazon yenyewe, Negro na Madeira, ni mipaka. Aina fulani ya kima utaikuta hadi kwenye ukingo wa maji upande huu, na upande wa pili usiione hata moja. Akalalamika kwamba kwenye makumbusho ya Ulaya lebo za wanyama ziliandikwa "Brazil" au "mto Amazon", bila kutaja ukingo upi, na hivyo hazikuwa na maana.

Tena hakuficha nani aliyemfunza. Aliandika wazi kwamba wawindaji wenyeji walilijua jambo hilo vizuri kabisa. Wakimtaka mnyama fulani walivuka mto kwenda kumfuata upande wake. Elimu ilikuwapo kwenye mitumbwi kabla ya kufika kwenye karatasi.

Safari ya kurudi ilikuwa msiba. Agosti 6, 1852, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli iliyoitwa Helen ilishika moto. Shehena yake ilikuwa na utomvu wa miti unaowaka kirahisi. Wallace aliwahi kunyakua kisanduku chenye michoro michache ya samaki na miti ya jamii ya minazi. Makusanyo yake ya miaka ya mwisho, daftari nyingi, na kasuku na kima hai aliokuwa akiwaleta Uingereza viliteketea mbele ya macho yake. Yeye na mabaharia walikaa siku kumi kwenye mashua zilizovuja, jua likiwachoma, mpaka meli nyingine ikawaokota. Stevens, mtu makini, alikuwa amekata bima ya pauni 200. La sivyo Wallace angeshuka London akiwa ombaomba. Njiani aliapa kwamba hatapanda meli tena maishani. Haikupita miaka miwili, Aprili 1854, akashuka Singapore.

Visiwani huko alikaa miaka minane. Ndiyo miaka aliyoiita kiini cha maisha yake yote. Alisafiri kiasi cha maili 14,000 katika safari 60 au 70 tofauti, kwa merikebu, kwa jahazi, kwa mtumbwi na kwa miguu, kutoka Malaya hadi New Guinea. Alikusanya vielelezo 125,660, na hesabu yake aliitoa mwenyewe: ndege 8,050, vipepeo na nondo 13,100, mbawakawa 83,200, na kadhalika. Kila mmoja alipaswa kuwindwa, kuchunwa au kukaushwa, kufungwa, kuandikiwa lebo, na kulindwa dhidi ya sisimizi. Sisimizi ndio waliokuwa adui mkubwa. Walipanda mezani usiku na kula kope za ndege. Alijaribu kuweka miguu ya meza ndani ya bakuli za maji. Mbwa wa kijiji nao waliiba nyama na ngozi ikigeuziwa kisogo hata kidogo.

Mtu mmoja hawezi kufanya kazi hiyo. Na hapa ndipo anapoingia Ali.

Ali alikuwa kijana wa Kimalay wa Sarawak, kwenye kisiwa cha Borneo. Wallace alimwajiri huko mwishoni mwa 1855 kama mpishi na mtumishi, na kwake akajifunza Kimalay, lugha iliyokuwa ikisemwa bandarini na sokoni katika visiwa vyote vile kama Kiswahili kinavyosemwa kwetu kutoka Mombasa hadi Kigoma. Baada ya muda Ali akajifunza kupiga bunduki, kisha kuchuna ndege. Kuchuna ndege ni ufundi mgumu kuliko wengi wanavyodhani: unapasua kidogo tumboni, unatoa mwili wote bila kuirarua ngozi wala kulowesha manyoya damu, unapaka dawa ya sumu ya aseniki ndani, unajaza pamba, unashona, unamlaza vizuri. Ndege mdogo kama chozi anataka vidole vya fundi. Ali alikuwa fundi. Akawa ndiye anayewafunza wasaidizi wapya, akasimamia mashua na safari, na Wallace alipolazwa na homa, Ali ndiye aliyemuuguza. Alikuwa pamoja naye kule Bali na Lombok.

Walikuwapo wengine pia. Charles Allen, kijana aliyetoka naye Uingereza. Baderoon wa Makassar. Jumaat, aliyekufa pwani ya New Guinea mwaka 1858. Walikuwapo wawindaji wa vijijini, wapagazi, manahodha na watoto waliomletea wadudu kwa senti chache, wengi wao hawakuandikwa jina mahali popote. Anayesema Wallace alisafiri peke yake anasema jambo lisilo kweli, na Wallace mwenyewe hakulisema.

Kuna sehemu ya kazi ile ambayo mpenda wanyama wa leo anaisoma kwa uchungu. Kumjua mnyama wakati ule kulimaanisha kumuua. Borneo, kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Simunjon, Wallace aliua orangutani kadhaa. Mmoja alikuwa jike mwenye mtoto. Mtoto akakutwa matopeni, hai, hana hata meno. Wallace alimchukua, na kwa kuwa maziwa hayakupatikana, akamnywesha maji ya wali kwa chupa. Alimuogesha, akamtengenezea ngazi ya kujifunza kuning'inia, akamletea kima mdogo awe mwenzake. Baada ya kama miezi mitatu akafa. Wallace ameeleza habari zake kwa mapenzi ya dhahiri, kisha akaichukua ngozi na mifupa kama vielelezo vingine. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, nami siwezi kulifuta lolote kati yake. Fedha za ngozi zilinunua chakula cha safari iliyofuata.

Desemba 1856 alipanda jahazi la Wabugis pale Makassar kwenda visiwa vya Aru, karibu na New Guinea. Msomaji wa Lamu, wa Pemba au wa Kilwa hahitaji kufafanuliwa mpango wa safari ile: vyombo huenda na upepo wa magharibi mwishoni mwa mwaka, hukaa huko miezi kadhaa vikifanya biashara, hurudi upepo ukigeuka katikati ya mwaka. Ni kaskazi na kusi ya upande wa pili wa bahari yetu. Hata bidhaa zilizoletwa kwenye soko la Dobo, pale Aru, wapiga mbizi wetu wanazijua: magome ya lulu na majongoo bahari ya kuuzwa kwa Wachina. Wallace alipewa kijumba cha mianzi na majani juu ya sitaha, akatandika mkeka, na akaandika kwamba hajawahi kusafiri baharini kwa raha kama ile. Hakukuwa na harufu ya rangi, lami wala mafuta, bali ya mianzi, kamba za nyuzi na makuti.

Alifuata ndege wa peponi. Ulaya ilizifahamu ngozi zake kwa karne tatu, nazo ziliwafikia zikiwa zimekatwa miguu na wauzaji, hata wasomi wakaamini ndege huyu hana miguu na haishi ardhini. Pale Aru, mwaka 1857, Baderoon alirudi na ndege mdogo kiasi cha kwezi, mwekundu wa kung'aa, tumbo jeupe, na kwenye mkia nyuzi mbili ndefu, kila moja ikiishia na duara la kijani kama pete iliyosokotwa. Wallace alimshika akitetemeka.

Alichokiandika kutokana na siku ile ndicho kinachonifanya nimheshimu kuliko wakusanyaji wenzake. Alifikiri juu ya vizazi vya ndege huyu vilivyozaliwa na kufa msituni mle, maelfu ya miaka, bila jicho la mtaalamu yeyote kuuona uzuri wake. Kisha akasema kwamba siku watu wa ustaarabu wake watakapofika kwenye misitu ile na kuifungua, watavuruga uwiano wa viumbe hata ndege huyu atoweke, ilhali wao ndio wangeweza kumthamini. Na akahitimisha kwamba viumbe hai vyote havikuumbwa kwa ajili ya binadamu. Vina maisha yao, furaha zao, vita vyao. Maneno ya mtu wa 1857, aliyekuwa ameshika ndege mfu mkononi.

Januari 1858 alihamia Ternate, kisiwa kidogo chini ya mlima wa volkano wa Gamalama. Alipanga nyumba ya kuezekwa makuti, yenye kisima kirefu cha maji baridi na miti ya matunda uani, karibu na soko na ufuko, akaifanya kituo chake kwa miaka mitatu. Kwetu Afrika Mashariki jina la Ternate lingepaswa kufahamika zaidi. Visiwa hivi vya Maluku ndivyo asili ya mkarafuu. Waholanzi walijaribu kulifungia zao hilo mikononi mwao, hata wakaikata miti Ternate na visiwa jirani ili karafuu itoke Ambon tu. Karibu mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche kwa siri na kuipanda Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Seyyid Said akaamuru upandwe kila shamba. Wallace alipokuwa akinywa maji ya kisima chake pale Ternate, Unguja na Pemba zilikuwa tayari zinauza karafuu duniani, kwa jasho la watumwa.

Ni visiwani huko, akiwa na homa ya vipindi, leo baridi kesho jasho, alipokumbuka kitabu cha Thomas Malthus kuhusu watu na chakula. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Basi nani hubaki? Wanaobaki ni waliofaa zaidi mahali walipo, nao huwarithisha watoto wao kile kilichowaokoa. Homa ilipotulia aliandika hoja hiyo kwa jioni chache, akaituma kwa Darwin. Darwin, aliyekuwa akiifikiria hoja ileile kwa miaka 20 bila kuichapisha, aliipokea Juni akashtuka. Tarehe 1 Julai 1858 rafiki zake walipanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Linnean Society ya London. Wallace hakuulizwa, alikuwa New Guinea, na habari zilimfikia miezi baadaye. Hakulalamika siku hiyo wala siku nyingine. Kitabu chake kikuu juu ya nadharia hiyo, cha mwaka 1889, alikiita kwa jina la Darwin. Yamekwisha kuandikwa mengi kuhusu nani alistahili nini, nami sitaongeza.

Oktoba 1858 Wallace na Ali walikuwa kisiwa cha Bacan. Jioni moja Ali alirudi kutoka msituni na ndege wamening'inia mkandani, akamwonyesha Wallace mmoja aliyemshangaza: kifua cha kijani kinachong'aa, na kwenye kila bawa manyoya mawili marefu meupe yanayosimama yenyewe. Alikuwa ndege wa peponi ambaye hakuna msomi wa Ulaya aliyewahi kumwona. Mwaka uliofuata London ilimpa jina la kisayansi Semioptera wallacii. Aliyemwona, aliyempiga na aliyetambua kwamba hajawahi kumwona mwingine kama yeye ni Ali. Naona ni haki kila anayeitaja Semioptera amtaje na Ali, na inafurahisha kwamba watafiti wa miaka ya karibuni wameanza kufanya hivyo.

Waliagana Singapore mwaka 1862. Wallace alimpa fedha, bunduki zake mbili na baruti zilizobaki, vifaa na zana. Ali akavaa suti ya Kizungu, akapigwa picha. Ipo hadi leo, kijana mwenye uso mtulivu anayetazama kamera bila woga. Mwaka 1907 Mmarekani Thomas Barbour, mtaalamu wa wanyama, alikuwa akitembea Ternate, akasimamishwa na mzee aliyevaa tarabushi ya bluu iliyochuja. Mzee akajitambulisha: yeye ni Ali Wallace. Barbour alimwandikia Wallace habari hizo, naye, mzee wa miaka zaidi ya 80, alifurahi kusikia.

Wallace alirudi Uingereza na ndege wa peponi wawili walio hai, aliowanunua Singapore kwa pauni 100. Njia nzima aliwalisha wali, ndizi na mende. Mende walipoadimika melini, alijaza akiba Malta kutoka kwenye tanuri la mwokaji mikate. Wakafika salama kwenye bustani ya wanyama ya London. Maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya kuandika, ya kuhamahama nyumba na ya fedha zinazopotea kwenye uwekezaji mbaya, mpaka Darwin aliposhughulika apewe pensheni ya serikali ya pauni 200 kwa mwaka, 1881. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na miaka 90.

Nirudi kwenye swali la ndege. Jibu alilolifikia Wallace, na ambalo limethibitishwa na waliomfuata, liko chini ya maji. Bahari kati ya Malaya, Sumatra, Borneo, Java na Bali ni ya kina kifupi. Kati ya Bali na Lombok kuna kina kirefu. Enzi za barafu, maji mengi ya dunia yalipoganda, usawa wa bahari ulishuka zaidi ya mita 100, na Bali ikawa sehemu ya bara la Asia. Chui milia na vigong'ota walitembea na kuruka hadi pale. Upande wa pili, New Guinea na Aru ziliungana na Australia. Mlango wa Lombok haukukauka kamwe. Ndege wengi wa msituni hawathubutu kuvuka bahari wazi, hata ya kilomita chache. Mwaka 1863 Wallace alichora mstari mwekundu kwenye ramani, ukipita kati ya Bali na Lombok na kupanda kati ya Borneo na Sulawesi, na mwaka 1868 Thomas Henry Huxley akauita Mstari wa Wallace. Mtu mwenye miwani, kwa kuhesabu kasuku na zuwakulu, alikuwa amesoma historia ya sakafu ya bahari ambayo hakuwa na chombo cha kuipima.

Alipoandika kitabu chake kuhusu viumbe wa visiwani, mwaka 1880, aliligeuza jambo hilo kuwa kanuni inayoweza kutumiwa popote: visiwa vilivyowahi kushikamana na bara vina wanyama wa bara, na visiwa vilivyotengwa na kilindi vina wachache, na kati ya hao wapo wa pekee. Wallace hakufika pwani yetu. Kanuni yake imefika.

Chukua Unguja na Pemba. Kwa msafiri wa boti ni ndugu wawili, wenye lugha moja, karafuu moja, mvua zilezile. Lakini maji kati ya Unguja na Bara ni ya kina kifupi, na enzi ya barafu Unguja ilikuwa sehemu ya Bara. Ndiyo maana ilikuwa na chui, ina paa nunga, ina kima punju wa Jozani. Kati ya Pemba na Bara kuna mkondo wa kina cha mamia ya mita. Pemba haina chui. Kima punju waliopo msitu wa Ngezi walipelekwa na watu, miaka ya 1970. Badala yake Pemba ina ndege wanne wasiopatikana mahali pengine popote duniani: ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo wa rangi ya kutu, na kijindege wake mwenye duara jeupe machoni. Na ina popo wake, mkubwa, wa rangi ya hudhurungi, ambaye mabawa yake yakinyooshwa yanapita mita moja na nusu. Popo huyu ni wa jamaa iitwayo Pteropus. Jamaa hiyo imejaa Asia, Madagaska, Komoro na visiwa vya bahari ya Hindi. Bara la Afrika halina hata mmoja. Jamaa zake wa asili wako upande wa kina Ali.

Ninga na popo hao wanaishi kwenye kisiwa ambacho msitu wake mkubwa ulikatwa ili kupisha mti uliotoka Maluku. Ngezi, kaskazini-magharibi, ni kipande kilichobaki cha ule msitu wa kale. Popo waliendelea kulala kwenye miti ya makaburini na vichaka vya vijijini, wakawindwa kwa bunduki na nyavu kwa ajili ya kitoweo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipohofiwa kwamba watakwisha. Kilichowaokoa hakikutoka kwenye makumbusho yoyote. Vijiji viliunda klabu za kuwalinda popo, Kidike na kwingineko, wazee wakakubali kwamba miti wanayolala isikatwe, walimu wakaanza kuwafundisha watoto kwamba kiumbe huyu hayupo Tanga wala Mombasa wala Unguja, yupo kwao tu. Idadi yao ikapanda tena, ikapita 20,000. Wageni wanaofika Kidike hulipa kiingilio, na wanaowaongoza ni vijana wa palepale, wanaojua mti upi una kundi na kundi linatoka saa ngapi. Ukienda, waulize majina yao na uyaandike.